Baronka na Bakuli la Mama

Hospitali ya mapafu, Jeseník
7 Septemba 1986

Dada Drahomíra,

Nakusalimu. Natumaini mguu haukusumbui sana na matufaha ya mwaka huu yameshika. Mimi ni mzima kiasi. Huku milimani hewa ni safi mpaka inaniudhi. Mapafu yangu yamekula vumbi la makaa ya mawe kwa miaka thelathini na moja, sasa hayajui yafanye nini. Chumbani tuko wawili, mimi na mzee Silvestr, ambaye anaiba kwenye karata na halafu anakohoa ili nimwonee huruma.

Tangu tumzike mama tumeandikiana kadi za Krismasi tu, na hii ni miaka tisa. Sikutarajia ungekubali kumpokea Baronka. Asante. Suala la bakuli la mama sitaligusa, nimejiahidi.

Sasa jambo lenyewe. Yule rafiki wa chama chetu cha wafugaji wa mijusi atakuwa ameshakuletea sanduku la kioo, mtungi wa nyenje na karatasi ya maelekezo, lakini karatasi haisemi kila kitu. Baronka ni mjusi kafiri wa Vietnam, si wale vijusi unaowaona kwenye picha. Ana urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi kifundo, na yale madoa ya rangi ya chungwa yasikudanganye, hakuja kukufurahisha. Ana hasira. Usimshike kwa sasa. Mpe nyenje watano kila baada ya siku moja, kwa kibano kirefu, na uwapake unga wa maganda ya mayai. Nyunyiza maji asubuhi na jioni. Balbu isizimwe kamwe. Mlango wa sanduku nimeutengeneza mdogo, mkono mmoja tu unapita, na kifuniko nimekigandisha kwa gundi kwa sababu marehemu mume wake alijua kukiinua kwa kichwa.

Nitakaa huku wiki sita, labda nane.

Mdogo wako,
Kvido


Štramberk
21 Septemba 1986

Kvido mdogo wangu,

Salamu zako zimefika. Mguu ni ule ule, unanitabiria mvua siku mbili kabla ya redio. Matufaha ni mengi lakini yana funza. Binti yangu Radka amepata kazi kwenye duka la dawa huko Brno, atakuja Krismasi na mumewe. Nakutumia keki za masikio, zile za tangawizi. Kula wewe, usimpe huyo mwizi wa karata.

Unasema hutaligusa suala la bakuli, na tayari umeligusa. Bakuli lipo kwenye kabati la vyombo, rafu ya chini kando ya jiko la vigae, pale pale mama alipoliweka. Basi, limekwisha.

Mnyama wako ameniuma mara mbili. Mara ya kwanza nilijitakia, nilitaka kuokota nyenje aliyekufa. Mara ya pili alining'inia kidoleni tangu mwanzo wa taarifa ya habari hadi utabiri wa hali ya hewa. Nilimvuta. Usiniambie sikupaswa kumvuta, hiyo sura yako naiona kutoka huku. Anabweka pia. Jirani yangu Květa kaniuliza, "Draha, umenunua mbwa?" Nikamwambia ndiyo, mdogo, hatoki nje. "Mbona sauti yake kama ya mlevi?" Nikamwambia ni mbwa wa mchimba makaa.

Miaka sitini na tatu umeishi duniani, na kitu pekee ulichopata cha kunikabidhi ni hiki.

Dada yako,
Drahomíra


Jeseník
2 Oktoba 1986

Dada Draha,

Asante kwa masikio. Silvestr aliiba mawili. Anakusalimu na anauliza kama wewe ni mjane. Nimemwambia ndiyo, na una mjusi anayeuma. Amesema basi atafikiri tena.

Hukupaswa kumvuta. Sikiliza sasa, maana hili ndilo jambo watu wote wanalikosea. Ukimvuta anadhani mnashindana, na huyu hashindwi. Akikushika, kaa chini, laza mkono mezani, tulia kabisa. Miguu yake ikigusa kitu kigumu na akiona hakuna anayepambana naye, ataachia mwenyewe. Itachukua dakika kumi hivi. Ukitaka kumsogelea, peleka mkono kutoka pembeni, chini chini. Mkono ukitokea juu kwake ni mwewe. Mkia usiuguse kabisa, ataukata na kukuachia mkononi. Na uweke soksi uliyovaa ndani ya sanduku, alale nayo, aizoee harufu yako. Najua utacheka. Mimi niliweka shati langu la kazini, na baada ya miezi mitano akaacha kuniuma, akawa ananitisha tu.

Unajua kwa nini nampenda? Wanyama wengine wote wanakupenda kwa sababu ya chakula. Huyu anakula chakula chako na bado hakupendi, mpaka siku anapoamua. Siku hiyo utaisikia hapa kifuani.

Madaktari wameongeza wiki. Si kitu.

Kvido


Štramberk
19 Oktoba 1986

Kvido,

Salamu. Mvua. Funza wamemaliza matufaha. Radka ni mzima.

Nina maswali, ya udadisi tu. Mjusi wa namna hiyo, kwa mfano, akitoka kwenye sanduku, anaweza kuishi wiki mbili ndani ya nyumba ya kawaida yenye jiko la vigae? Anapita kwenye ufa wa upana wa kidole? Akiwa, kwa mfano, nyuma ya kabati zito la mwaloni ambalo watu wanne hawawezi kulisogeza, anatoka kwa kuitwa, au kwa chakula?

Baronka ni mzima. Nina hakika kabisa ni mzima. Namsikia kila jioni.

D.


Jeseník
28 Oktoba 1986

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hapa theluji ya kwanza imeanguka. Silvestr amehamia karata za uongo mkubwa zaidi.

Sikuulizi kwa nini unauliza. Kwa mfano tu, basi: ndiyo, anaweza kuishi, ndiyo, anapita, na hapana, haitwi na hatoki, labda umwekee nyenje kwenye sahani, uzime taa na uondoke. Asiguswe na baridi. Mtu mwenye mjusi wa mfano namna hiyo asilale na jiko limezimika.

Nami nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu nje ya chama. Kwa miaka kumi na moja nimejaribu kupata kizazi kutoka kwa hawa wawili. Alitaga mara saba. Mayai yao yanagandishwa kwenye kitu kigumu, kioo au ukuta, hayabanduki, ukiyabandua yanapasuka. Mara saba yakakauka, au Admirali akayala. Admirali, mume wake, alikufa Juni. Lakini jike wa aina hii anaweza kuhifadhi mbegu ya dume miezi kadhaa. Kwa hiyo kama atataga kabla ya Krismasi, huenda kuna kitu. Asipotaga, imekwisha, wengine wa namna hii sitawapata tena, na mimi si kijana. Sina mke, sina mtoto, nina mjusi. Wenzangu wanacheka nikisema hivyo na mimi nacheka nao.

Basi angalia kioo cha nyuma cha sanduku. Mayai ni meupe, ya duara, kama ukucha wa kidole gumba.

Kvido


Štramberk
30 Novemba 1986

Kvido mdogo wangu,

Nisamehe kwa kukawia. Mguu, halafu mafua, halafu nilikuwa naanza barua na kuichoma jikoni. Nimeanza sita. Hii ni ya saba, na kama mayai yako, ya saba ndiyo inayosema ukweli, kwa kuwa hakuna kilichobaki kuficha.

Baronka alitoroka tarehe 5 Oktoba. Nilikuwa naweka hiyo soksi yako. Alipanda mkono wangu kama ngazi, akaruka kwenye pazia, akaingia nyuma ya kabati la vyombo. Wiki tatu nilikuwa nalaza sahani ya nyenje sakafuni kama mwendawazimu. Jiko sikuzima hata siku moja. Makaa ya mwezi mzima yameisha kwa ajili yake.

Tarehe 30 nilifungua kabati kupangusa vumbi. Alikuwa ndani ya bakuli la mama, amejikunja, mdomo wazi, ananibwekea. Na chini ya tumbo lake, kwenye ukuta wa bakuli, upande wa ndani, mayai mawili. Meupe. Yamegandishwa kwenye kioo, katikati ya lile ua la kuchonga. Nilitaka kuchukua kisu. Nilikuwa nimeshakishika, Kvido, nakuambia ukweli. Halafu ndiyo ikafika barua yako ya miaka kumi na moja.

Sijayagusa. Yeye hatoki bakulini, anatoka kula tu na kurudi. Nimelala vibaya mwezi mzima. Nilikuwa nasubiri unitukane, na wewe unaniandikia habari za Silvestr.

Sema sasa la kusema.

Drahomíra


Jeseník
14 Desemba 1986

Dada, dada, dada!

Ninamwambia Silvestr aandike, maana mkono wangu umekufa ganzi kwa baridi. (Ni kweli anayesema ni yeye, mimi naandika tu. Salamu, Bi. Drahomíra. S.)

Mayai mawili! Meupe mpaka leo? Hayajabonyea? Ukiyamulika kwa tochi unaona wekundu kidogo, kama sikio la sungura juani? Kama ndiyo, yana uhai. Nilipiga kelele mpaka muuguzi akaja na sindano.

Sina tusi la kukutukana. Mimi mwenyewe nimewatorosha mara nne. Fanya hivi: mrudishe Baronka kwenye sanduku, halafu na bakuli lenyewe liingie mle, chini ya balbu, maana kabatini joto linapanda na kushuka na ndicho kilichoua mengine. Kumshika sasa ni vigumu mara tatu, analinda. Mfunike kwa sufuria ndogo, pitisha kadibodi chini yake, beba vyote pamoja. Yatatoka Machi, au kabla kidogo.

Krismasi njema. Najua bila lile bakuli la saladi meza yako itakuwa pungufu.

Kvido


Štramberk
4 Januari 1987

Kvido,

Heri ya mwaka mpya. Silvestr ana mwandiko mzuri kuliko wako. Lakini baridi ya mkono huja na kuondoka, na wewe tangu zamani hukuruhusu mtu akushikie hata kijiko. Kuna nini? Ulisema wiki nane, leo ni ya kumi na nane. Nijibu.

Krismasi nilitia saladi ya viazi kwenye beseni ninaloshea miguu. Nililisugua kwa magadi mara tatu. Radka akasimama mlangoni. "Mama, bakuli la bibi liko wapi?" Nikasema nimeliazimisha. "Umeliazimisha? Wewe? Kwa nani?" Nikasema kwa bibi mmoja aliyejifungua. Mumewe akasema saladi ni tamu kuliko mwaka jana, na Radka akamkanyaga chini ya meza.

Sufuria na kadibodi yako havikufaa kitu. Aliruka mara tatu, mara ya tatu kifuani kwangu. Nilikaa nikafikiri. Mnyama huyu kazi yake ni kuuma na kutoachia, basi mpe cha kuuma. Nikajaza matambara kwenye glavu ya kupogolea maua ya bustani, nikaifunga kwenye mwiko, nikampelekea pembeni, chini chini, kama ulivyosema. Akaikamata. Nikambeba anang'inia kwenye mwiko kama nguo iliyoanikwa, nikampitisha mlangoni mwa sanduku, nikalaza mwiko, nikaenda kupika kahawa. Niliporudi alikuwa ameachia. Waambie hilo wenzako wa chama.

Sasa tatizo. Bakuli haliingii. Nimelipima kwa mkono: mlango wako ni viganja viwili kasoro, bakuli ni vinne, na kifuniko umekigandisha, fundi wewe. Na baridi imekuja ambayo sijaiona tangu vita. Makaa wametuletea nusu. Sebule nimeifunga, nalala jikoni na sanduku na bakuli, na alfajiri ndoo ya maji ina ganda la barafu. Balbu ndani ya kabati sikubali, nilijaribu, rangi ya mbao ikaanza kunuka. Mchana nalizungushia bakuli chupa za maji ya moto. Usiku nalilaza kitandani upande wa marehemu mume wangu. Lakini nalala, mimi pia ni mtu, na nikiamka chupa zimepoa.

Niliyamulika. Ndiyo, Kvido. Kama sikio la sungura.

Drahomíra


Jeseník
12 Januari 1987

Dada Drahomíra,

Nakusalimu, na safari hii naandika kwa mkono wangu, polepole.

Yaache mayai. Nimefikiri siku tatu. Usiamke tena alfajiri kuchemsha maji kwa mguu huo. Yaache yapoe, halafu loweka bakuli kwenye maji ya siki, yatabanduka, na bakuli litabaki zima. Ni bakuli lako. Mama aliniahidi mimi, na wewe unajua, na kwa miaka tisa nimeitafuna ahadi hiyo kama mfupa. Lakini nani alimwosha mama miaka minne? Nani alimgeuza kitandani? Mimi nilikuja mara mbili, nikasimama mlangoni mwa chumba chake, nikasema nina zamu. Mara ya pili sikuwa na zamu. Nilimwona mikono yake na nikakimbilia kituo cha basi. Haya nimeyasema, sasa najisikia mwepesi.

Uliuliza kuna nini. Tarehe 20 watanifungua kifua na kutoa kipande cha pafu la kushoto. Hawasemi nina nafasi kiasi gani, wananiita "bwana Kvido" kwa upole sana, na upole huo siupendi. Sikutaka uje, huwezi kupanda milima na mguu huo, na treni zimezibwa na theluji. Nimekuandikia ili mambo ya bakuli yasibaki kati yetu, basi.

Baronka, ikitokea lolote, usimpe chama. Kaa naye.

Mdogo wako,
Kvido


Štramberk
13 Januari 1987

Kvido mdogo wangu,

Sijapata jibu lako na siwezi kulisubiri. Nimeamua mwenyewe.

Jana nilipanda basi hadi Kopřivnice, bakuli pajani, limefungwa kwenye mfarishi na chupa mbili za maji ya moto. Watu walidhani nimebeba mtoto, mwanamume mmoja akanipisha kiti. Nilikwenda kwa fundi vioo, bwana Ctibor. Akalifunua, akaona lile ua la kuchonga, akasema, "Mama, hiki ni kioo cha kabla ya vita. Mimi nikikikata nitalia."

"Kata kwanza, utalia baadaye."

"Na hivi vidonge vyeupe ni nini?"

"Ni vya ndugu yangu."

Alikata polepole, gurudumu na maji ya uvuguvugu, mimi nimeshikilia upande wa ndani kwa viganja ili yasitetemeke. Ilichukua saa nzima. Kipande kimetoka kama ukubwa wa kiganja, mayai yote mawili katikati, salama. Hakunitoza kitu, aliomba tu nimjulishe kitatoka nini. Jioni hiyo hiyo kipande kikapita mlangoni mwako bila shida. Baronka alikinusa, akapanda juu yake, akanibwekea. Bakuli lililobaki lina pengo ambalo kichwa cha mtoto kinapita. Nimelirudisha rafuni, limegeukia ukuta.

Nilidhani nitalia njiani. Sikulia, mpaka nilipofika nyumbani. Na si kwa ajili ya kioo.

Mama alisema bakuli ni la Kvido. Alisema mara mbili, mara ya mwisho wiki moja kabla hajafa, akili yake ikiwa timamu. Mimi nilikuwa namlisha. Nikasema, "Ndiyo mama," na moyoni nikasema, aje alichukue basi, aje aone. Hukuja, nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka sana, Kvido, nilitaka mtu mmoja duniani anipe kitu bila mimi kukiomba. Kwa hiyo jana nilikata bakuli lako, si langu. Nilipaswa kukuomba ruhusa.

Drahomíra


Štramberk
25 Januari 1987

Kvido,

Barua yako ya tarehe 12 imefika juzi, tarehe 23, kwa sababu ya theluji. Uliandika tarehe 20 watakufungua. Leo ni 25. Nimekwenda posta mara tatu, simu ya milimani imekatika, na yule binti wa dirishani ananiangalia kwa huruma mpaka natamani kumzaba kofi.

Sijui naandikia nani. Salamu, basi, kwa yeyote atakayeifungua barua hii.

Kama ni wewe: mjinga. Miezi mitano unaniandikia habari za karata. Ningekuja kwa magoti. Naogopa, Kvido. Nimesema.

Mayai ni mazima. Baronka ameacha kuniuma. Ananitisha tu.

D.


Jeseník
22 Februari 1987

Dada Draha,

Nakusalimu kwa upande mmoja wa kifua. Barua zako mbili nimezipata pamoja, siku ya kumi na mbili baada ya kukatwa, wakati nilikuwa bado nakunywa kwa mrija. Silvestr alinisomea. Alipofika kwa fundi vioo alisimama, akasema hawezi kuendelea, vumbi limemwingia machoni, na hapa hakuna vumbi. Nilimwambia asome. Tulikuwa wazee wawili tunalia, na mimi kulia kunaniuma mshono. Muuguzi alidhani mmoja wetu amekufa.

Ruhusa unayo. Hata ungelikata vipande mia.

Nimepona, wanasema, kadiri mtu wa aina yangu anavyopona. Machi 14 wanaturuhusu. Daktari anasema nisirudi kuishi kwangu Ostrava, karibu na mgodi, moshi ule utanimaliza kwa mwaka mmoja, na ghorofa ya nne bila lifti hata sitafika mlangoni. Amesema kuna nyumba ya wazee huku huku milimani, ni safi, chakula kizuri. Wanyama hawaruhusiwi. Nimesema nitafikiri. Siombi kitu, dada, nakuarifu tu. Umeshafanya mengi kuliko niliyostahili.

Nataka tu kujua mayai.

Kvido


Štramberk
9 Machi 1987

Kvido mdogo wangu,

Salamu. Theluji imeanza kuyeyuka, njia ni tope tupu. Mguu uko vizuri, nashangaa.

Moja limetoka jana mchana. Nilikuwa namenya viazi nikasikia kitu kama ukucha unaokwangua sahani. Alitoa kichwa, akapumzika, akatoka mzima mzima. Ana urefu wa kidole changu cha kati, mkia una pete nyeupe na nyeusi, macho makubwa. Alipoona uso wangu kwenye kioo alifungua mdomo na kunibwekea, sauti haikutoka, akafungua tena. Leo nimeingiza mkono kumwondolea ganda, pembeni, chini chini, na akanikamata ukucha. Nikalaza mkono nikatulia. Mama yake alikuwa juu ya shina anatuangalia sote wawili, hakufanya kitu. La pili bado limefungwa, jeupe. Huenda litatoka, huenda halitatoka.

Sasa barua yako. "Siombi kitu." Hilo ndilo tatizo lako tangu utotoni, huombi. Ulisimama mlangoni ukiwa na hofu, na badala ya kusema, "Draha, naogopa, nishike mkono," ukasema una zamu. Na mimi badala ya kusema, "Kvido, nisaidie, nimechoka," nikaficha bakuli. Angalia tulivyozeeka kwa kutoomba.

Kwa hiyo naomba mimi. Njoo uishi hapa. Sikuonei huruma, nimechoka kula peke yangu, na siwezi kulea wanyama wawili, labda watatu, wanaouma bila fundi wao. Hewa ya Štramberk ni nzuri na nyumba haina ghorofa. Daktari wako aniandikie vidonge gani na saa ngapi.

Chumba cha mama nimekifungua. Nimepiga deki, nimetoa godoro, nimeweka jipya. Kitanda ni kile kile, hakuna kingine. Utalala humo. Siku ya kwanza utaogopa. Mimi niliogopa mwaka mzima, na hakukuwa na mtu chumba cha pili. Wewe utaniita, nitaamka.

Dada yako,
Draha